Karakana ya Uani: bika za chupa, friji ya mtungi na sinki la katani

Barua za mwezi huu nimezisomea uani kwangu, Ngamiani, kwenye meza ileile ninayokatia chupa. Kwa wasomaji wapya: nilikuwa fundi sanifu wa maabara ya shule hapa Tanga kwa miaka 31. Tangu nistaafu naendelea na kazi ileile, kutengeneza kile ambacho shule au nyumba haikuweza kununua. Ninayoyajibu hapa nimeyafanya kwa mikono yangu na nimeyapima. Nisichokipima sikiandiki.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa sayansi katika sekondari ya kata, wilaya ya Muheza. Kidato cha pili nina wanafunzi 64 na bika tatu, moja imemeguka mdomo. Nimeambiwa chupa za jemu na za soda zikikatwa zinakuwa bika. Je, ni kweli? Na zitastahimili moto?*

Marahaba mwalimu. Kukatika zitakatika vizuri. Moto hazitauweza, na hilo nalianza kwanza kwa sababu lina damu ndani yake.

Mwaka 1989 nilikuwa na shida kama yako. Nikachukua chupa ya jemu, nikaitia maji ya chumvi, nikaiweka juu ya wavu na kuwasha taa ya spiriti chini yake. Ilikaa kimya dakika tatu hivi, kisha ikalia "ta!" Kitako kikabaki juu ya wavu, mwili wa chupa ukaniangukia mkononi. Kovu ninalo hadi leo kwenye kiganja cha kushoto. Yalikuwa maji ya chumvi tu. Wanafunzi walikuwa wamesimama hatua mbili kutoka pale, na hilo ndilo lililoninyima usingizi, si kile kidonda.

Sababu yake ni hii. Kioo kikipata joto hutanuka. Kioo cha kawaida cha chupa hutanuka kama sehemu 9 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Kioo cha maabara, kile chenye boroni ambacho Wamarekani walianza kukiuza kwa jina la Pyrex mwaka 1915, hutanuka sehemu 3 na kidogo tu. Sasa itazame chupa ya jemu: kitako chake kinene. Upande unaoguswa na moto umeshatanuka, upande wa ndani bado una ubaridi, nao unavutwa. Chuma kingenyumbuka. Kioo hakijui kunyumbuka, kwa hiyo kinapasuka.

Basi chupa zako zitumie kupimia, kuchanganyia, kuhifadhia na kuoteshea mbegu. Kama ni lazima kitu kipate joto, chupa isiuone moto: iogeshe. Chukua sufuria, tandika kitambaa kilichokunjwa chini, weka chupa, mimina maji ya baridi nje na ndani, ndipo uwashe jiko polepole. Chupa itapanda joto pamoja na maji, haitashtuka. Kwa jaribio la wanga kwenye jani hiyo inatosha kabisa, na ni salama zaidi ukifanya hivi: chemsha maji, zima moto kabisa, toa jiko nje ya darasa, ndipo uweke kichupa chenye jani na spiriti ndani ya yale maji ya moto. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78, kwa hiyo maji yaliyotoka kuchemka yanaitosha bila mwali wowote karibu. Mvuke wa spiriti ukikutana na mwali, darasa la watoto 64 halina mlango wa kutosha.

Kukata sasa. Nenda kwa mafundi wa madirisha ununue au uazime kile kisu chao chenye gurudumu dogo. Pigilia vibao viwili juu ya ubao mmoja ili chupa ilale na kuzunguka bila kuyumba, na kisu kikae mahali pamoja. Ni chupa inayozunguka, mkono wako umetulia. Chora mstari mara moja tu, mpaka mwisho ukutane na mwanzo. Usirudie juu yake. Nimewaona vijana wengi wakirudia wakidhani wanauimarisha. Mstari uliorudiwa huzaa nyufa zinazokimbia ovyo. Kisha mimina maji yaliyotoka kuchemka taratibu juu ya mstari huku ukizungusha, halafu ya baridi, halafu ya moto tena. Mara ya tatu au ya nne chupa itaachana yenyewe kwa sauti ndogo. Ile njia ya kufunga uzi wenye mafuta ya taa na kuuwasha naijua, na siipendi: ukingo unatoka umepinda, na unakuwa umewafundisha watoto kuchezea moto.

Ukingo uusugue kwa msasa wa maji, ule mweusi, namba 120 kisha 400, ukiwa umelowa muda wote. Vumbi la kioo likiwa kavu linaingia kifuani na halitoki. Vaa miwani na glavu nene.

Ukimaliza hapo una glasi, bado huna bika. Bika ni alama zake. Bandika utepe wa karatasi kutoka chini hadi juu, chukua bomba la sindano jipya la mililita 20 kutoka duka la dawa, mimina 20, weka mstari, 20 tena, mstari. Macho yawe sawa na maji, na usome pale chini ya mbonyeo, si pembeni ambako maji yanapanda ukuta. Ukishafika 200, ipeleke chupa dukani kwenye mizani: ipime tupu, kisha na maji. Mililita 200 za maji zinapaswa kuwa gramu 200. Mimi ninakubali kosa la gramu 4. Likizidi, nabandua utepe na kuanza upya, hata kama chupa imependeza namna gani. Utepe ukishakubalika, upake varnishi juu ili maji yasiufute.

Nyongeza moja mwalimu. Kuna watakaokuambia utumie balbu zilizoungua kama chupa za duara. Balbu za zamani za waya, sawa, kioo chake ni chembamba na huvumilia joto la polepole. Lakini zile ndefu za mirija na zile zilizosokotwa zina zebaki ndani. Hizo usizikate, usizivunje, wala usimwachie mwanafunzi azisogelee.

*Bibi shikamoo. Nipo Lushoto, kidato cha tatu. Nimenunua kipimajoto kwa ajili ya sanduku la kutotolea vifaranga. Nilikijaribu kwenye maji yanayochemka, kikasoma nyuzi 95 badala ya 100. Muuzaji amekataa kunirudishia fedha yangu na tumegombana. Nikitupe?*

Marahaba mjukuu wangu. Usikitupe, na kesho uende kwa muuzaji ukamwombe radhi. Kipimajoto chako kimesema kweli.

Maji huchemka kwa nyuzi 100 huku kwetu usawa wa bahari. Wewe uko juu, kama mita 1,400. Hewa iliyo juu yako ni pungufu, inayakandamiza maji kidogo, nayo yanachemka mapema. Kwa makadirio, kila mita 300 unazopanda hupunguza nyuzi moja. Hesabu mwenyewe uone kama hufiki 95 na ushee. Ndiyo maana pia maharage ya mama yako yanachukua muda mrefu kuiva kuliko ya shangazi aliyeko Tanga mjini: kuni mnazo, maji yenu ndiyo hayapati joto la kutosha.

Barafu haijali mlima. Ponda barafu, tia maji kidogo, koroga, acha dakika tano: lazima kisome 0. Lakini kwa vifaranga si 0 wala 100 unayoitaka, ni 37.5. Azima kipimajoto cha homa, tia vyote viwili kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu yaliyo kati ya 37 na 38, linganisha, na tofauti uiandike kwa kalamu ubavuni mwa sanduku. Nyuzi moja iliyozidi kwa siku 21 inakupa vifaranga dhaifu, na huwezi kujua kosa lilikuwa wapi.

*Bi mkubwa shikamoo. Ndugu yangu aliyeko Dodoma ana mtungi ndani ya mtungi, katikati mchanga uliolowa, na mboga zake zinakaa siku nyingi bila umeme. Nataka kutengeneza hiyo friji hapa Ngamiani niweke mchicha na samaki. Nianzie wapi? Mama wa watoto wanne.*

Marahaba mwanangu. Anzia kwenye kitambaa kibichi, kabla hujanunua mtungi hata mmoja.

Friji hiyo ni kitu cha kweli. Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliisambaza kaskazini mwa nchi yake na mwaka 2000 akapewa Tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Maji ya kwenye mchanga yanapenya ukuta wa mtungi wa nje na kuwa mvuke, na mvuke ukiondoka unaondoka na joto. Lakini mvuke unahitaji hewa yenye nafasi ya kuupokea. Hewa ya kaskazini mwa Nigeria na ya Dodoma wakati wa kiangazi ina nafasi. Hewa yetu ya Tanga imeshashiba maji ya bahari kabla hujaamka.

Pima uone. Chukua vipimajoto viwili vinavyosoma sawa. Kimoja kiache kikavu. Cha pili kivishe kipande cha kitambaa cha pamba kilicholowa, na kukipepea kwa kipepeo dakika kumi. Kile kibichi kitashuka, na pale kitakaposimama ndipo mtungi wako unapoweza kufika katika hali nzuri kupita zote. Hapa uani kwangu, mchana wa juzi, kikavu kilisoma 31 na kibichi 27. Nyuzi nne! Hewa ya Dodoma ikiwa na joto la 30 na unyevu wa asilimia 35, kibichi hushuka mpaka kama 19. Ndugu yako hakukudanganya, ila anaishi kwenye hewa nyingine.

Mchicha kwenye nyuzi 27 utakaa mpaka kesho yake kama umeufunika kwa kitambaa kibichi na kuuweka kivulini, na kwa hilo huhitaji mitungi miwili. Samaki kwenye nyuzi 27 anaoza. Naomba sana usimweke humo ukampa mtoto.

Badala yake tengeneza sanduku la barafu. Ndoo kubwa ya plastiki na ndogo yenye mfuniko, na kati yake nafasi ya vidole vinne pande zote na chini. Nafasi hiyo ijaze kile kilichojaa kila uani Tanga: makumbi ya nazi, yaliyochambuliwa na kukaushwa juani mpaka yakatike kwa sauti. Yafunge ndani ya mifuko ya plastiki ndipo uyashindilie, kwa sababu makumbi yakilowa yanapitisha joto kama kitambaa kibichi. Mfuniko nao uwe na mto wake wa makumbi. Samaki umnunue asubuhi soko la Deep Sea, na barafu hapohapo.

Mwezi wa Machi nilishindanisha ndoo hiyo na boksi jeupe jepesi la wauza samaki. Niliweka kilo mbili za barafu kila upande, nikaacha saa sita, nikamwaga maji yaliyoyeyuka kwenye bika langu la chupa. Boksi jeupe lilitoa mililita 520, ndoo ya makumbi 690. Boksi limeshinda, nakubali. Lakini ndoo yangu haikunitoa shilingi zaidi ya mfuniko, na samaki wa mchana alifika usiku akiwa na macho maangavu na matamvua mekundu.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni fundi wa dari za jipsam, Pongwe. Kwenye jipsam tunatia katani ili isikatike. Nimepewa kazi ya kutengeneza sinki mbili, moja ya nyumbani na moja ya maabara ya shule. Nataka kutumia saruji na katani badala ya waya, katani ni rahisi kwetu. Itadumu?*

Marahaba baba. Mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge, katani nimeijua kabla ya kujua kusoma, na natamani ningekujibu ndiyo. Haitadumu. Mwaka wa kwanza sinki litakuwa imara na watu watakusifu. Kisha katani ndani yake itakuwa brashi, halafu unga.

Jipsam na saruji vinafanana kwa macho, lakini tabia zao mbali. Jipsam ni mpole. Saruji ni alkali kali, na alkali inakula nyuzi za mmea taratibu pale penye unyevu. Sinki halikauki maisha yake yote.

Usiniamini kwa maneno. Nunua rozela kavu Mgandini, konzi moja, itie kwenye kikombe cha maji ya moto robo saa, chuja. Maji hayo mekundu ni kipimo chako. Dondoshea limau: yatazidi kuwa mekundu kama damu. Tia magadi kidogo, ambayo ni alkali: yatakwenda kijani. Sasa koroga kijiko cha saruji kwenye maji, acha itulie, chukua maji meupe ya juu kwa uangalifu bila kuyashika na mikono, yamiminie rozela. Yatapita kijani na kuelekea njano. Hapo ndipo unapotaka kuilaza katani yako. (Walimu: karatasi nyeupe iliyoloweshwa rozela na kukaushwa kivulini inafanya kazi ya litmasi. Itunzeni kwenye chupa yenye punje za mchele mbichi, vinginevyo unyevu wetu utaiharibu. Maji yake yenyewe huchacha baada ya siku mbili tatu.)

Kwa sinki la nyumbani tumia wavu wa kuku, tabaka mbili tatu, na udongo wa saruji moja kwa mchanga mbili, unene wa sentimita mbili na nusu. Ufundi huu ni wa zamani: Mfaransa Joseph-Louis Lambot alitengenezea mashua mwaka 1848, na mashua ikaelea. Mchanga uwe wa mtoni. Ule wa pwani una chumvi, na chumvi itaula waya wako kutoka ndani mahali usipoweza kuona. Ukimaliza, lifunike kwa magunia yaliyolowa siku saba, mchana na usiku. Najua mteja atakuwa mlangoni siku ya tatu. Mwache asubiri.

La maabara ni shauri jingine. Dondosha limau juu ya saruji kavu na uitazame kwa karibu: vipovu. Asidi ya limau tu hiyo, na ya maabara ni kali kuliko hiyo mara nyingi. Saruji tupu kwenye sinki la maabara ni kuitengenezea shule shimo. Jenga kitako na meza kwa saruji na wavu kama nilivyoeleza, lakini bakuli lenyewe liwe beseni zito la plastiki lililokaa ndani yake, na bomba la kutolea maji la plastiki pia. Beseni likichoka watalitoa na kuweka jingine bila kubomoa. Mwambie mwalimu wao asidi imiminwe ndani ya maji mengi kwanza kabla haijafika hapo.

*Shikamoo Bibi. Niko darasa la sita, Pangani. Nataka kuona vitu vidogo lakini shule yetu haina hadubini. Naweza kutengeneza?*

Marahaba mwanangu mzuri. Unaweza leo, kabla jua halijazama.

Kata kipande cha plastiki kutoka kwenye mfuniko wa ndoo, upana wa vidole viwili. Mwombe mkubwa atoboe tundu kwa msumari mwembamba, upana wa milimita mbili, na kingo zilainishwe. Paka mafuta ya nazi kidogo sana kuzunguka tundu ili maji yasitambae. Chovya ncha ya kijiti kwenye maji safi, gusa tundu, tone likae humo likiwa na tumbo la duara. Sasa lisogeze karibu kabisa na jicho lako, na kitu unachotazama kiwe karibu kabisa na tone, mwanga utoke nyuma yake. Anza na ngozi nyembamba ya kitunguu, kisha bawa la nzi, kisha uzi wa khanga ya mama. Mwanga wa anga tu, jua lenyewe usilitazame kamwe, hata kwa nukta moja.

Tone likiwa dogo linakuza zaidi, ila ni gumu kulishika. Muuza vitambaa wa Uholanzi aliyeitwa Antonie van Leeuwenhoek alitumia lenzi moja ndogo ya kioo, si maji, naye katika miaka ya 1670 akaona viumbe kwenye tone la maji ambavyo hakuna aliyewahi kuviona kabla yake. Hakuwa na shule yenye hadubini yeye pia.

Chora utakachokiona, usichore unachodhani kinapaswa kuwapo. Juu ya karatasi andika tundu lako lilikuwa na upana gani na ulitazama saa ngapi, kisha nitumie. Nami nitatoboa tundu kama hilo hapa uani nitazame kitu hichohicho.